Tawi Lisilojieleza

Chuoni, Dodoma
Jumapili, Septemba

Baba yangu mpendwa, Mzee Bartolomayo,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama pia, ambaye najua yuko hapo karibu anachambua mlenda huku akijifanya hasikilizi. Ruthu mdogo wangu, wewe unayesoma, hujambo? Soma polepole kama unavyosoma masomo kanisani, wala usiruke mahali hata ukiona pagumu. Na kama kuna jirani amekaa kwenye kigoda cha mlangoni, mbukwenyi nyote, karibuni chai. Ila mkishakunywa naomba mtuachie nafasi kidogo, kwa sababu mengine humu ni ya ndani.

Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona, nakula vizuri, na upepo wa huku kilimani bado unatuvua vilemba kama kawaida yake. Nyinyi je? Miguu ya Mama inaendeleaje? Zabibu za msimu huu zimepata mnunuzi wa maana, au ni wale wale wa kuja na visingizio? Na Digrii hajambo? Ruthu ameniambia kwamba amenenepa hadi anatembea kama diwani, na kwamba watoto wa jirani wanamletea majani kila wakitoka shule. Wala si huruma hiyo. Wanajua kwamba fahali huyo ulimtenga tangu nilipoanza masomo ya uzamili, ukampa jina hilo mwenyewe, ukatangaza atachinjwa siku ya mahafali yangu. Wanalisha kitoweo chao.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Baba, nisamehe, lakini simu yako haina siri. Siku hizi kila ukipokea inalia kwa spika, na nikisema nina mafua, kesho yake mchungaji ananitumia ujumbe wa pole. Mwanzoni nilidhani ni majivuno tu, kwamba unataka watu wamsikie binti yako wa chuo. Baadaye Ruthu akanieleza kwamba vitufe huvioni vizuri, unabonyeza kioo popote, na kinachoitika ndicho kinachoitika. Nilicheka sana. Kisha nikaacha kucheka.

Ninalotaka kukuambia linahusu Novemba. Najua unavyoisubiri. Najua kwamba wataalamu wa macho walipopita kituo cha afya hapo Hombolo walikumulika, wakakuambia kwamba una mtoto wa jicho macho yote mawili, kwamba anaondolewa hospitali ya mjini na mtu anarudi kwake anaona. Najua pia ulivyowajibu. Uliwaambia macho uliyobaki nayo yanatosha kukufikisha Novemba, na ukishamwona Penina ndani ya joho, Mungu ayachukue akitaka, wewe hutadai. Mama alimsimulia Ruthu, Ruthu akanisimulia mimi, na tangu siku hiyo jibu lako nalala nalo na kuamka nalo. Lakini siwezi kuliendea moja kwa moja. Niruhusu nianzie kwenye kazi yangu yenyewe. Umeniuliza mara nyingi huwa nafanya nini humu ndani, na kila mara nimekujibu kwa mkato kwamba nasoma vitu vidogo vya ndani ya majani. Jibu hilo lilikuwa la kukuondoa njiani, na hukustahili kujibiwa hivyo.

Ndani ya jani la mzabibu wako kuna vyumba vidogo mno, tunaviita seli. Ndani ya seli kuna protini, na usifikirie maharage peke yake. Protini ni wafanyakazi, kila mmoja na kazi yake. Ninayemsoma mimi ni wa ukoo unaoitwa kinasi. Kazi ya kinasi ni kupeleka habari, ila yeye hana mdomo. Anachofanya ni kuchukua chembe ya fosfeti, fosfeti ile ile unayoijua kwenye mfuko wa mbolea, na kuibandika juu ya protini nyingine. Aliyebandikwa hubadilika papo hapo, kama alikuwa amelala anaamka, kama alikuwa anafanya kazi anaacha. Huyu wangu hupeleka habari ya kiu. Udongo ukikauka, mizizi hupeleka taarifa juu, kinasi anaanza kubandika, na vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia hufungwa ili maji yaliyobaki yasipotee. Kila jua la Oktoba linapowaka juu ya shamba lako, huyo bwana yuko kazini, na hakuna aliyewahi kumpa hata shikamoo.

Sasa nikuambie kilichonivuta kwake. Protini nyingi zina umbo lake maalumu, na umbo hilo ndilo linalozipa kazi. Kinasi ana kiwiliwili cha namna hiyo, pande mbili zenye mwanya katikati, na ubandikaji wote hufanyika mle mwanyani. Lakini nyuma ya kiwiliwili ana mkia mrefu usio na umbo lolote. Haujikunji wala haunyooki. Sasa hivi uko hivi, ukipepesa jicho uko vile. Tukiiuliza kompyuta mkia huu unakaaje, inatuchorea uzi uliovurugika halafu inatuambia yenyewe kwamba haiamini ilichokichora. Masudi, kijana wa Kondoa ambaye tunafanya kazi meza moja, anauita mkia wa mjusi, kwa sababu unafurukuta tu na hujui unakwenda wapi.

Mkia huo ulinitesa. Ili upate picha ya protini ni lazima kwanza uigandishe iwe fuwele, kama chumvi inavyoganda, kisha fuwele hizo zipelekwe ng'ambo zikamulikwe kwa eksirei kwenye mtambo mkubwa. Fuwele haitokei mpaka protini zote zikae kwa mpangilio, na mkia haukai kwa mpangilio. Kila tulipojaribu tuliambulia ute mweupe chini ya kichupa.

Nikafanya nini? Baba, mimi ni mtoto wa mpogoaji. Nimekua nyuma yako nikiokota matawi unayoyaangusha. Nakumbuka ulivyokuwa ukisimama mbele ya mzabibu, mkasi mkononi, unauliza tawi moja moja kwa sauti kabisa, wewe kazi yako nini? Lenye jibu linabaki. Tawi lisilojieleza, ulikuwa ukisema, likatwe. Basi nikasimama mbele ya mkia ule, nikauuliza kazi yake, haukujibu. Nikaukata. Niliukata kwenye jeni yenyewe, kinasi akazaliwa kibutu. Dkt. Evarista, mwalimu anayenisimamia, alinitania kwamba hajapata kuona mwanafunzi anayekata bila kusita namna ile. Nikamjibu kwa maringo kwamba mimi nimefundishwa Hombolo.

Na fuwele zikaja, Baba. Ndogo, zenye kingo, zinang'aa kama sukari guru iliyovunjwa. Picha iliporudi kutoka ng'ambo niliwapigia, unakumbuka, na wewe ukawatangazia watu waliokuwa wanapakia zabibu kwamba Penina amepiga picha kitu kisichoonekana. Tulipompima kinasi huyo kibutu tukakuta anafanya kazi kwa kasi ya ajabu. Hangoji habari ya kiu. Ukimpa fosfeti anabandika, anabandika, anabandika. Nilifurahi nikaandika kwamba tumepata kinasi asiyelala. Hayo ndiyo yakawa uti wa mgongo wa tasnifu yangu. Ilipokwenda kwa watahini, ikaanza kusemwa kwamba nikihitimu Novemba kuna nafasi ya mhadhiri msaidizi inayoningoja. Hizo ndizo habari mlizozipigia vigelegele, na ndipo Digrii akaanza kupewa pumba.

Wakati huo huo tulikuwa tumemtia kinasi kibutu ndani ya miche ya tumbaku, kwa sababu mzabibu ni mgumu kupokea jeni ngeni na tumbaku haina makuu. Miche ile ilidumaa. Nikasema ni udongo wa kwenye makopo. Mchana mmoja, nimetoka kumwagilia, nikafanya ule mchezo wangu ambao wewe ulikuwa ukinicheka kila niufanyapo. Unaukumbuka? Nilipokuwa mdogo nilikuwa nabandika jani la mzabibu shavuni wakati wa jua kali, maana lina ubaridi, nawe ukawa unaniuliza kama mzabibu huo umeshaleta posa. Basi nikabandika jani la mche shavuni. Lilikuwa la moto.

Nikashika mche wa jirani yake, ambao haukutiwa kitu. Huo ulikuwa baridi. Nikarudia, moto, baridi, moto, baridi. Nikamwita Masudi, naye akaweka jani kwenye shavu lake lenye ndevu, akasema mche huu una homa. Jani hujipoza kwa kutoa unyevu, kama mtungi unavyotoa jasho ukaweka maji baridi. Jani lenye joto ni jani lililofunga vitundu vyake. Lakini udongo wa mche ule ulikuwa umelowa chapachapa! Tuliongeza maji mpaka yakafurika mezani, na bado jani likabaki la moto. Lilikuwa limesimama ndani ya maji na haliamini kwamba yapo.

Swali likanikaa kichwani kama mbu ndani ya chandarua. Mzabibu wa kweli hauko hivyo. Ukinyeshewa leo, kesho umefunguka. Kumbe basi yupo anayemwambia kinasi inatosha, acha sasa. Ni nani huyo, na kwa nini kwenye miche yangu hayupo?

Ruthu, hapa simama kwanza. Kama jirani bado yupo, mwambie chai imeisha. Mkiwa wenyewe, endelea.

Baba, nilipokuja nyumbani Nane Nane ulinitembeza shambani ukanionyesha ule mstari wa upande wa bwawani. Ulisema umepigwa na ukungu, ndiyo maana haukuzaa hata kishada. Nikaitikia. Ulipokwenda kuoga nilirudi peke yangu. Haukuwa ukungu. Majani yalikuwa mabichi, mapana, mazito, mizabibu yenye afya kupita kiasi. Nikatazama mikato. Matawi ya mwaka ule, yale ya kubeba matunda, yalikuwa yamekatwa mpaka shinani, na makavu ndiyo yaliyoachwa. Mkato wenyewe ulikuwa wako, ule wa mshazari ambao hakuna mwingine Hombolo anaukata hivyo. Mkono ulikumbuka kazi yake yote. Macho tu ndiyo hayakuwepo.

Nilikaa chini pale nikalia, nakuambia kweli. Na katikati ya kulia, nisamehe kwa hili, udadisi ukanishika. Nilikuwa natazama mzabibu wenye majani tele usio na tunda, unafanya kazi kwa bidii na kazi yenyewe haifiki popote, na nikaiona miche yangu ya tumbaku. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, si mzabibu wala mche. Vyote vilikuwa vimekatwa kitu. Anayemwambia kinasi inatosha alikuwa mkia, na mkia niliutupa mimi.

Niliporudi chuoni nikaanza upya na kinasi mzima, mkia wake ukining'inia. Alitusumbua sana. Vimeng'enya vingine vilikuwa vinautafuna mkia kabla hatujausafisha, na ukinusurika unaganda mabonge. Masudi ndiye aliyeshikilia kwamba tufanye kila kitu ndani ya barafu, tukafanya hivyo vidole vikiwa ganzi, tukaharibu na kurudia, mpaka tukapata kiasi cha kupima. Nikampima. Alikuwa ametulia kimya. Nikampa ile habari ya kiu, akaamka, akabandika. Nikaiondoa, akatulia tena. Yaani ni mfanyakazi mwenye adabu zake. Kisha nikachukua mkia peke yake, kipande tu kilichokatwa, nikautia kwenye kichupa cha yule kibutu asiyelala. Akalala. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Nikueleze ninavyouelewa sasa. Mkia ule huja ukafunika mwanya, kama mama anavyomziba mdomo mtoto anayetaka kusema ya nyumbani mbele ya wageni. Unapoufunika, sehemu yake hupata umbo, inajisokota vizuri kabisa. Ukiachia, umbo linapotea. Habari ya kiu inapofika huukamata mkia na kuuvuta pembeni, mwanya ukawa wazi, kazi ikaanza. Na ule ulegevu wake niliouona ni uzembe ndio unaouwezesha. Kitu kigumu hukamatana na mwenzake mmoja tu. Mkia huu unaweza kukamatwa na kiu, na nadhani hata na chumvi ya udongo, kila mara kwa namna nyingine. Ile ncha yake ya mwisho bado sijui inafanya nini. Nikioga naifikiria, nikisubiri chakula naifikiria. Sijui, Baba, na sijawahi kulifurahia neno hilo kama sasa.

Lakini unaona tatizo lilipo. Niliandika kwamba kinasi huyu halali. Ukweli ni kwamba usingizi wake niliukata mwenyewe, kisha nikashangaa kwamba yuko macho.

Nilimpelekea Dkt. Evarista matokeo yote. Aliyapitia ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani, akaniambia ni kazi nzuri kuliko tasnifu yenyewe. Kisha akazungumza nami kama mzazi. Akasema hakuna uongo nilioandika, nilipima kinasi asiye na mkia nikaeleza nilichokiona. Naweza kubadili maneno mawili matatu, nikaongeza aya moja mwishoni kwamba suala la mkia liangaliwe na watakaofuata, watahini watapitisha na Novemba itabaki pale pale. La sivyo, niirudishe tasnifu, niifanye upya, nihitimu mwaka kesho. Hakunificha kwamba nafasi ile ya kazi haitaningoja. Akanipa mpaka Ijumaa nifikiri.

Ungeniona wiki hiyo. Niliunguza ugali, nikavaa viatu visivyofanana hadi darasani. Nafasi ya kazi iliniuma, ndiyo, lakini siyo iliyoninyima raha. Ni yale macho. Upande mmoja mkia wa kitu kisichoonekana hata kwa darubini tuliyo nayo, upande wa pili baba yangu anayebania mwanga uliobaki ili anione siku moja tu. Ukimwuliza mtu yeyote mwenye akili timamu atakuambia kipi kizito. Nilijiambia andika aya moja, Penina, mzee akuone, mkia utakuwepo tu. Kisha nikajaribu kuiandika. Nilikaa mbele ya kompyuta nikitafuta namna ya kusema kwa adabu kitu ninachojua si kweli, nikakumbuka mstari wa bwawani, na ule ukungu tuliousingizia.

Baba, niliirudisha. Ijumaa nilikwenda ofisini kwa Dkt. Evarista nikamwomba aitoe tasnifu kwa watahini, na imetolewa. Novemba hii sitavaa joho. Kati ya watakaoitwa majina watakuwemo wenzangu wote, Masudi akiwa mmojawapo, na nafasi ile ya mhadhiri msaidizi huenda akaichukua yeye. Anastahili, sina kinyongo. Nililia pale pale ofisini, na Dkt. Evarista alidhani ni kazi ninayoililia, akawa ananibembeleza kwamba nafasi zitatoka nyingine. Sikuweza kumweleza kwamba nimemdhulumu mtu ambaye hajui bado.

Sasa umejua. Ukikasirika una haki, na ukimwambia Ruthu aikunje barua aiweke, nitaelewa. Lakini kwanza mwache asome haya yaliyobaki.

Ulisema macho yako yanatosha kukufikisha Novemba. Basi Novemba nimeiondoa. Joho liko mwaka kesho, na huko macho hayo hayafiki. Wewe unajua, mimi najua, na mstari wa bwawani unajua. Sikufanya hivi kukutega, naapa, kwani nilipoamua niliona hasara tupu. Ni baada ya kutoka ofisini, nimekaa kwenye ngazi nafuta machozi, ndipo nilipoona kwamba nimekunyima sababu yako ya kukataa.

Najua si ukaidi, ni hofu. Unaogopa kisu kuingia jichoni, na sikucheki. Aliyeshika mkasi maisha yake yote anajua mkasi unavyoweza kukosea. Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe hospitali ya mjini nikamwona daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye mikono midogo kama ya Ruthu. Nilimwuliza maswali mpaka akauliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Akanichorea jicho zima, akanitajia kila kilichomo na kazi ya kila kimoja, na kipi hasa anachokitoa, kile kioo cha ndani kilichopata ukungu, na kipi anachoweka mahali pake. Hakati asichokijua kazi yake. Anafanya jicho moja kwanza, likipona ndipo anafanya la pili, na mgonjwa halazwi usingizi, daktari anaongea naye huku anaendelea. Nikamwonya kwamba kwa kuongea atakuwa amepata mwenzake.

Nimekuandikisha Jumanne ya kwanza ya Oktoba. Geofrey, huyu aliyeleta barua, atakuja kuwachukua wewe na Mama kwa gari la mjomba wake. Mimi nitakuwa mlangoni pa hospitali nawasubiri. Ukikataa sitakulazimisha, wewe ni baba yangu. Ila mwaka kesho nitapita mbele yako ndani ya joho, na wewe utamwuliza Ruthu ni la rangi gani. Ruthu atakuambia, tena atakuambia vizuri. Mimi sitaki uambiwe.

Na kanuni yako ile, naomba tuirekebishe kidogo. Tawi lisilojieleza lisikatwe kwanza. Liulizwe tena, na safari hii tungoje jibu. Mstari wa bwawani usiguswe msimu huu, yaacheni matawi yote yavurugike yatakavyo. Nikija likizo tutapogoa pamoja, na wewe utanionyesha kwa kidole lipi na lipi.

Wasalimie wote. Mwambieni mchungaji kwamba mafua yangu yalikwisha zamani. Akina mama wa kwaya wasiusahau ule wimbo waliouandaa, wauweke tu. Mama nampa pole kwa habari hizi na ninashukuru kwa mlenda mkavu, umenifikia na Masudi ameula wote. Na Digrii mrudisheni malishoni na wenzake, mumwambie amepata mwaka mmoja wa bure.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Penina Bartolomayo

Ruthu, haya ya chini ni yako, usiyasome kwa sauti. Usimwulize Baba jibu leo. Mpe chai yake, muache anyamaze mpaka achoke kunyamaza. Lakini siku yoyote akikuuliza, kama mtu asiyejali, kwamba hiyo Jumanne ya kwanza inaangukia tarehe ngapi, nipigie wakati huo huo. Tumia simu yake. Na usizime spika.